Sifuri Tatu za Kabati la Shangazi

Ziko njia tatu za kusaidia kuhamisha kabati bila kusaidia lolote, na fizikia inazitambua zote. Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tunazitumia tangu jadi; kilichobaki ni kuzipigia hesabu.

Hesabu yenyewe haina makuu. Chukua nguvu, uizidishe kwa umbali kati ya nukta fulani na mstari wa nguvu hiyo, umbali uliopimwa kwa pembe mraba. Jibu ndilo momenti: kadiri nguvu ile inavyoweza kukizungusha kitu kwenye nukta hiyo. Nukta unaichagua mwenyewe, na hapo ndipo fitina inapoingia.

Shangazi alikuwa anahama Makadara kwenda Kibokoni. Mwendo ni mfupi, lakini vichochoro vya Kibokoni havikupimwa kwa lori, basi akaitwa hamali na mkokoteni wake. Kabati la mvule, lenye kioo mlangoni, lilikuwa na kilo 150. Hamali akataka kulilaza katikati, juu ya ekseli.

"Hapo patakaa vyungu vyangu vya asumini," Shangazi akasema. "Hilo kabati litie huko nyuma, mwanangu. Halivunjiki."

Likatiwa nyuma. Kitovu cha uzito wake kikawa sentimita 80 nyuma ya ekseli. Kilo 150 ni kama nyutoni 1,500. Mara mita 0.8, momenti 1,200, zote zikivuta mkia wa mkokoteni chini. Hamali alikuwa mbele, mita 2 kutoka ekseli, na mwili wake, kwa kumtazama, haukupita kilo 60. Nyutoni 600 mara mita 2 ni 1,200 vilevile. Maana yake, ili mkokoteni ulale sawa, ilimlazimu aning'inie kwenye mipini kama nguo kwenye kamba. Akaning'inia, na vidole vya miguu vikigusa lami kidogo kidogo, akatuvusha hadi Kibokoni.

Hapo kitoto kimoja cha mtaani kikadandia mkia. Kilo 20 tu, lakini mita 1.5 kutoka ekseli: momenti 300 za ziada, na hazikuwa na mpinzani. Mkia ukajibwaga chini, mipini ikapaa, na hamali akapaa nayo, akaenda kulingana na dirisha la jirani. Jirani akamwitikia salamu. Kitoto kikatokomea.

Basi msaada ukaanza kumiminika.

Shangazi alikuwa wa kwanza. Alikimbilia vyungu vyake, akavikumbatia, na kwa uzito wake wote, ambao si haba, akaugandamiza mkokoteni palepale juu ya ekseli. Nguvu nyingi, umbali hakuna. Momenti sifuri.

Wa pili walikuwa wazee wa barazani, na vikombe vyao vya kahawa. "Shusha mbele!" "La, inua nyuma!" "Zamani yakhe, makabati yalikuwa yakibebwa kichwani!" Hao walikuwa mbali sana na ekseli, mkono mrefu wa kutamanika, ila nguvu waliyoitia ni ya kupuliza kahawa. Umbali mwingi, nguvu hakuna. Sifuri.

Wa tatu ni Binamu, na huyu ndiye wa kuhurumiwa, maana alitoka jasho kweli. Alipanda baraza ya mkabala, akafunga kamba kwenye ncha ya mpini, akaivuta kwa meno yaliyokazwa. Lakini mpini ulikuwa umeinuka ukimwelekea yeye, na kamba ikafuata mstari uleule wa mpini, unaoishia kwenye ekseli. Nguvu ipo, urefu upo, lakini mstari wa nguvu ukipita kwenye nukta yenyewe, umbali wa pembe mraba haupo. Sifuri ya jasho. Angeruka chini akauvuta mpini kuelekea ardhini kwa robo ya bidii ile, tungekwisha.

Hamali alijishusha mwenyewe. Akamwondoa Shangazi kwa heshima, vyungu akampa kila mzee wa barazani kimoja akipakate, kisha akalisogeza kabati mpaka kitovu chake kikakaa juu ya ekseli. Sifuri pia, ila hii ya halali: uzito wote unabebwa na magurudumu, na mipini inashikwa kwa vidole viwili.

Tulipofika nyumbani, ikaja habari ya malipo. Bei ilikuwa imepanda, na haki yake, maana mwanzoni hakuna aliyetaja kupaa. Kila mmoja akachagua nukta yake upya. Shangazi akasema mkokoteni aliuita Binamu. Binamu akasema kabati ni la Shangazi. Ami akakumbuka sala, na adhana ilikuwa bado saa nzima.

Hamali hakubishana. Alilisukuma kabati likaziba mlango wa nyumba, akaketi kwenye kizingiti, akaagiza kahawa. Shangazi alikuwa ndani, Binamu nje, mfuko wa pesa ndani, chakula cha mchana nje. Ilikuwa nukta ya kwanza siku ile ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyetoka sifuri. Alilipwa kabla kahawa haijapoa.