Pedeli ya Kushoto

Chanzo cha yote ni suruali. Ile niliyoshonesha kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu iligoma kufunga, na mke wangu, badala ya kunielekeza kwa fundi cherehani aiachie kidogo, akaitazama, akanitazama, akasema, "Baba watoto, suruali haina kosa."

Wiki hiyohiyo nikaamua kununua baiskeli. Siyo ya kubebea mkaa, la hasha. Sisi wa Morogoro tunaamka kila asubuhi tunaikuta milima ya Uluguru imesimama hapo mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa, nami katika miaka yangu yote mjini hapa sijawahi kuigusa. Nilitaka baiskeli ya milimani: gia nyingi, matairi mapana yenye meno, na bei ya mwalimu. Bei ya mwalimu ni shilingi 150,000, tena mshahara ukiwa umetoka jana.

Mwalimu akitaka kujiandaa kwa jambo, husoma. Nikasoma siku tatu. Nikajua kuwa baiskeli hizi hazikubuniwa na bosi wa kiwanda. Miaka ya 1970 vijana wa Marin County, kule California, walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito kama kitanda cha chuma, wanazipandisha mlimani kwa gari kisha wanashuka nazo mbio kwenye vumbi. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Baiskeli ikifika chini ya mteremko, grisi imeungua inafuka moshi, na kitovu hakina budi kufunguliwa na kujazwa grisi mpya. Mashindano yao, yaliyoanza 1976, yalipata jina la Repack kwa sababu ya kazi hiyo ya kujaza upya. Nikajiambia: kama mchezo wenyewe umezaliwa kwenye mitumba, mimi ni nani hata nidai mpya? Hoja ilikuwa safi. Nilichosahau ni kwamba wale vijana walijua kufungua kitovu.

Muuzaji alikuwa chini ya mwarobaini, baiskeli zimetundikwa kama papa wa kukaushwa. "Karibu mwalimu!" Sikuwa nimejitambulisha. Nadhani ni viatu.

"Hii hapa imeshuka juzi tu na kontena. Japani tupu. Ilikuwa ya bibi mmoja wa Kijapani, anaendea sokoni Jumapili."

Ningekuwa na akili timamu ningejiuliza ni bibi gani wa kwenda sokoni na baiskeli yenye springi mbele na nyuma na matairi kama ya trekta. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye stika iliyobandikwa kwenye fremu, ina maandishi ya Kijapani na namba. Nikaichukulia kuwa cheti cha ubora. Baadaye nilikuja kujua ni stika ya usajili wa kuzuia wizi, ambao kule kila mwenye baiskeli anatakiwa na sheria aufanye. Yaani nilichokuwa nakisoma kwa heshima zote ni kitu kama namba ya bajaji.

Ukaguzi nikaufanya. Nilipiga kengele, ikalia. Nilibonyeza matairi kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi. Nikauliza gia ngapi. "Ishirini na moja." Tatu mbele, saba nyuma. Basi la Dodoma halina gia ishirini na moja! Nikakalia kiti, kikashuka, nikainuka, kikapanda. Nikakalia tena, bila sababu yoyote, kwa raha tu.

Sikuiendesha. Palikuwa na watu wamekaa kwenye benchi la kahawa wananitazama, na mara yangu ya mwisho kupanda baiskeli Mkapa alikuwa bado Ikulu. Kwa hiyo nilitingisha kichwa kama mjuzi, tukavutana kutoka 220,000 hadi 170,000, akaniongezea stendi. Nikalipa, nikaisukuma mpaka nilipokata kona ndipo nikapanda.

Springi zile, wapendwa, hazibagui. Zimeletwa kumeza mawe, lakini zinameza na mguu. Kila nikikanyaga, nusu ya nguvu inaishia kwenye springi, mwili unapanda na kushuka kama nimepanda ngamia, na barabara iko palepale. Cheni nayo ilikuwa na tabia ya kuruka meno kila nilipobadili gia, kwa mlio wa mtu anayevunja muwa. Karibu na stendi ya Msamvu, mbele ya abiria wa mikoani, pedeli ya kushoto ikaanza kucheza.

Kijana mmoja alikuwa anaosha bodaboda. "Shikamoo mwalimu." Kumbe ni wa kwangu, Kidato cha Nne, anakaa benchi la nyuma. Akaniazima spana. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kukaza ni kulia, kulegeza ni kushoto. Nimeliimba hilo darasani miaka kumi na tisa. Nikazungusha kulia. Pedeli ikazidi kulegea. Nikazungusha kulia kwa nguvu zaidi, nikimweleza yule kijana habari ya msuguano, mpaka pedeli ikaanguka mkononi mwangu.

"Mwalimu, labda…"

"Subiri."

Nikairudisha kwa kulazimisha, kulekule kulia. Iliingia. Ekseli ya pedeli ni chuma kigumu, mkono unaoishika pedeli ni alumini, na baina ya hivyo viwili anayeumia anajulikana.

Fundi wa mtaani kwetu ni mzee asiyependa maneno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeinunua leo."

"Umejuaje?"

"Bado unaisifu."

Sikuwa nimesema kitu. Ni mkono wangu, ulikuwa unakipapasa kiti. Mzee akanyanyua gurudumu la nyuma, akalizungusha. Likaenda likiyumba kama mlevi anayetafuta mlango. "Mmh." Akashika mikono ya pedeli akaitingisha kushoto na kulia, ikagonga, gololi zimekwisha. "Mmh." Akaivuta cheni mbele ya meno makubwa, ikaachana nayo kiasi cha kupitisha kidole. Akabana breki ya mbele akaisukuma baiskeli, usukani ukajibu *kang*. Akapitisha ukucha chini ya shingo ya fremu akitafuta ufa, na hapo tu ndipo hakuguna. Dakika mbili hazikuisha. Hakutumia hata spana.

Mwisho akafika kwenye pedeli. Akatazama nyuzi zilizosagika, akanitazama mimi.

"Ya kushoto hukazwa kwa kushoto. Isijifungue ukiendesha. Nani alifanya hivi?"

Nikasema ni kijana mmoja.

Mkono mpya, cheni, meno ya nyuma, gololi, ufundi: 95,000. Mke wangu aliuliza jumla, nikamtajia bei ya kununulia tu, na hilo nalo nadhani analijua.

Jumamosi nikapanda njia ya Morningside, kule Uluguru. Nilipanda, naam, kwa miguu, baiskeli nikiisukuma. Kijana akanipita akishuka na Phoenix isiyo na gia hata moja, mikungu mitatu ya ndizi nyuma, breki ikiwa kandambili yake iliyobanwa kwenye tairi. "Pole mwalimu!" akapaza sauti, akapotea kwenye kona.

Jumatatu tulikuwa na usumaku. Nikachora waya wenye umeme ubaoni, nikaeleza kanuni ya skrubu ya Maxwell: skrubu ukiizungusha kulia inakwenda mbele, na nguvu za sumaku huzunguka waya vivyo hivyo. Nikauliza kama kuna swali. Benchi la nyuma mkono ukapanda, taratibu, kwa adabu zote.

"Mwalimu, skrubu zote?"