Sifa za Hiace Isiyoondoka Mpaka Ijae

Wanaotembelea Muscat hurudi na masimulizi ya kusikitisha. Eti mtu anatoka uwanja wa ndege, anapanda basi la kampuni ya Mwasalat, na basi linaondoka na abiria watatu kwa sababu tu saa imefika. Kiyoyozi kinapuliza. Mgeni anatoka Ruwi mpaka Mutrah bila kujua jirani yake anaumwa nini wala binti yake anaolewa lini. Mji umejaa watu wanaoongea Kiswahili safi, halafu mtu anazungushwa ndani yake kimya kama kifurushi cha posta! Nawaonea huruma.

Mgeni wa Kalenga amejaliwa zaidi. Kutoka Iringa mjini ni kilometa kama 15 tu, njia ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha, mwendo ambao gari lingeumaliza kabla watu hawajasalimiana vizuri. Hiace inalijua hilo, ndiyo maana haiondoki. Inasubiri ijae.

Wenye haraka huuita huu uzembe, kwa kuwa hawajawahi kudaiwa hesabu. Mwenye gari anaitaka hesabu yake jioni, mvua inyeshe jua liwake. Mafuta yanamhusu dereva, konda naye ana watoto, na hasara ya siti tupu haikatwi kwa mwingine ila kwao. Wewe uliyewahi ndiye mtaji. Mpiga debe anapaza sauti, "Kalenga, Kalenga, bado wawili!" Ndani mko wanne, na wawili kati yenu ni wapiga debe wenzake waliokaa kulipamba gari; mkifika sita watateremka bila kuaga. Dereva anatia moto, anasogea mbele kidogo, moyo wako unafurahi, kisha anarudi palepale. Ukiuliza, unajibiwa, "Sasa hivi tu, mzee wangu," kwa adabu ambayo sijaiona benki wala ofisi ya kata. Kinachokusudiwa na "sasa hivi" si juu yako kukihoji.

Ukibahatika siti ya mbele, mshukuru Mungu. Injini ya Hiace iko chini ya siti hizo, na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai, wakati mji mzima umejikunyata ndani ya makoti ya mtumba, makalio yako yanaota moto. Muscat wanatafuta ubaridi kwa gharama. Sisi joto limo ndani ya nauli.

Siti ya nyuma ina elimu yake. Msimu wa mvua utapakatishwa dumu la ulanzi. Usilikaze kifuniko, maana kinywaji hicho cha mianzi hakiachi kuchacha eti kwa sababu kiko safarini. Kwenye kona ya kwanza povu litachungulia, kwenye kona ya pili litakuwa kwenye suruali yako, na mama mwenye dumu ataomba radhi kwanza kwa ulanzi uliopotea, kisha kwako. Hapo mmeshajuana. Kwa kuwa tayari mmekaa stendi pamoja muda wa kutosha kuchemsha maharage, umefundishwa kuitikia "Kamwene," umeambiwa makumbusho ya Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ni upande gani, ukoo wake unaishi wapi, na nani kati ya abiria ana undugu nao kwa upande wa bibi. Kiongozi wa watalii angekutoza kwa yote hayo.

Historia nayo inaitetea Hiace. Mwaka 1891 kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, hakutaka kusubiri. Aliingia Uheheni kwa pupa, kikosi chake kimejinyoosha njiani msururu mrefu, na tarehe 17 Agosti, pale Lugalo, Wahehe wakaikatisha safari yake. Wajerumani waliporudi Oktoba 1894 walikuwa wamejaza kwanza, mizinga ikiwamo, na ngome ya Mkwawa pale Kalenga ikaanguka. Inauma kukiri, lakini walikuwa wameshajifunza kwa mpiga debe.

Na wasitusimange watu wa saa za mkononi. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Waingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Ulianza kutumika Januari 1920. Fuvu lililotoka makumbusho ya Bremen lilifika Kalenga tarehe 19 Juni 1954, mikononi mwa Gavana Edward Twining. Miezi sita ya wakubwa wa dunia, kwa sahihi na mihuri, ilichukua miaka 34, na hakuna aliyewarudishia Wahehe nauli. Simama makumbusho mbele ya fuvu hilo, kisha anza, kama una uso, kulalamika kwamba ulikalishwa stendi tangu saa tatu.

Kalenga kwenyewe unazunguka kwa miguu, ukipenda mpaka mto Ruaha Mdogo, na hilo halinihusu sana kwa sababu miguu haina konda. Kazi ipo kwenye kurudi. Ukikuta Hiace imeegeshwa, usiulize inaondoka saa ngapi, utaonekana mshamba. Uliza imebakiza wangapi. Ukiambiwa mmoja, nenda kale kwanza.