Sungura wa Bibi Anakunywa Maji

Mtoto wa Kiswahili humjua sungura kwa sifa kabla hajamwona kwa macho. Hata hajaanza chekechea, tayari anajua kwamba sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, kobe ana subira, na simba pamoja na ukubwa wake wote hudanganywa na kila mpita njia. Asichoambiwa ni kwamba sungura anakula nini, analala wapi, na nani anamzolea mavi. Ngano zetu zimejaa wanyama wanaokopeshana, wanaoshitakiana na kuoana, lakini hakuna hata mmoja anayeharisha. Kwa hiyo siku mtoto akipewa mnyama wa kweli, mwenye manyoya na tumbo, humfuga kwa sheria za hadithini, na wa kulipia gharama ni sisi tunaofua.

Kwetu ni Wazo, jirani na mlima unaotoa mawe ya saruji tangu kiwanda kilipoanza kazi mwaka 1966. Barabara yetu ya mtaani ni ya vumbi, na paka mweupe akihamia huku kiangazi, haipiti muda anageuka wa kijivu. Uzuri wa huku pembezoni ni nafasi. Tuna kuku wa kienyeji, tuna paka, na tuna mbwa aitwaye Simba, jina alilokuja nalo kwa mwenyewe wa kwanza. Kwa kuwa mume wangu ni Yanga wa damu, mbwa huyo huitwa kwa mluzi tu.

Mama mkwe alipohamia kwetu kutoka Muheza, alishuka kwenye basi na begi moja, mafenesi mawili na ngano zisizo na idadi. Kabla yake wanangu walikuwa wa televisheni. Walikuwa wakiangalia Akili and Me, katuni inayotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na watu wa Ubongo, yenye binti wa miaka minne ambaye marafiki zake ni kiboko, simba mdogo na komba. Mdogo aliwahi kuniomba kiboko. Nikamwambia mgao wa maji hauruhusu, akanielewa. Bibi alipofika, ikawa umeme ukikatika tu, watu wako mkekani. "Paukwa!" "Pakawa!" Mimi jikoni nafurahi kwamba watoto wametulia, sijui kwamba kesho yake kila neno litatekelezwa.

Ngano ya kwanza kutugharimu ilikuwa ya kuku na mwewe. Mnaijua: kuku aliazima sindano ya mwewe, akaipoteza, ndiyo maana mpaka leo anaparura ardhi akiitafuta, na mwewe naye anachukua vifaranga badala ya sindano yake. Watu wazima tumeisikiliza hadithi hii vizazi na vizazi tukacheka na kwenda kulala. Wanangu waliona ni deni, na deni hulipwa. Dada mtu akaenda kwa fundi cherehani wa kona, akarudi na sindano mpya iliyofungwa uzi mwekundu, akaiweka kwenye bakuli la pumba ili kuku aione kwanza asubuhi.

Kuku hana subira na kitu kinachong'aa. Akikiona anakimeza, na sindano ikifika kwenye firigisi inayosaga na kukandamiza, hutokea popote inapotaka. Basi nikapiga magoti bandani na dera langu, nikaipepeta pumba kwa vidole punje kwa punje, jogoo nyuma yangu akinidonoa kisigino kama afisa mikopo. Uzi niliukuta pembeni ya bakuli, mtupu. Sindano yenyewe niliipata kwa kidole gumba.

Nilikuwa bado nanyonya kidole pale kunguru aliposhuka kutoka ukutani, akabeba kifaranga mbele ya macho yetu sote. Mdogo akamgeukia bibi yake. "Bibi, na huyu anadai nini?"

Bibi alinyamaza, na kwa haki kabisa. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, ndipo wakaenea pwani yote. Ngano ya kuku ilikuwa imeshazeeka, na hakuna babu aliyewahi kuwatungia deni. Jawabu la kunguru ni wavu juu ya banda, na vifaranga kutotolewa nje mpaka wakue kidogo.

Paka naye aliponzwa na kitabu cha picha. Kila mchora paka duniani humchorea na bakuli la maziwa, na wanangu wakaona wa kwetu anaonewa kwa kupewa dagaa. Wakampa maziwa ya chai yote. Ukweli ni kwamba paka wengi wakishakua, tumbo lao haliwezi tena sukari iliyomo kwenye maziwa. Paka ni mla nyama. Dagaa wa sokoni Tegeta na maji safi vinamfaa kuliko maziwa. Haya yote tuliyajua usiku huo kupitia joho la kwaya la mume wangu, lililokuwa limetandazwa kwenye kochi tayari kwa Jumapili. Kwaya iliimba. Besi mmoja aliimba akiwa na shati.

Ndipo akaja sungura. Wifi yangu alituletea mmoja, jike, wa rangi ya kahawia, ndani ya boksi la sabuni. Mtaa mzima ukaja kumtazama, na kila mmoja akaja na utaalamu wake. Mtaalamu mkuu alikuwa mzee jirani yetu, mstaafu, mtu wa kuheshimika na mwenye jibu la kila kitu kuanzia bomba mpaka siasa.

"Shikamoo babu," watoto wakamwamkia.

"Marahaba wajukuu. Huyu muwe mnampa majani na karoti. Maji msimpe. Sungura hanywi maji."

Imani hiyo imeenea sana, na wengi walioifuata wamezika sungura bila kujua wamekosea wapi. Hata mimi nilikuwa naelekea kuitikia kwa heshima. Lakini dada mtu alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Babu, kama hanywi maji, kile kisima alikuwa anaiba nini?"

Mzee akakosa la kusema. Maana ngano nayo mnaijua: ukame uliingia, wanyama wote wakachimba kisima isipokuwa sungura, kisha yeye ndiye aliyekuja usiku kunywa na kuvuruga, mpaka kobe alipojipaka ulimbo mgongoni na kumnasa. Vizazi vimemsimulia sungura kama mwizi wa maji nambari moja porini, halafu kukicha tunasema hanywi. Tulimwekea bakuli zito la udongo asije akalipindua, na jioni lilikuwa tupu. Sungura hutaka maji safi kila siku, na chakula chake kikuu ni majani, mabichi na makavu. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na majani ndiyo yanayoyasaga. Karoti ni kama pipi, kipande tu. Wala habebwi kwa masikio. Mkono mmoja kifuani, mwingine unashika makalio.

Tatizo la kushinda hoja kwa hadithi ni kwamba lazima uimalize hadithi. Kama sungura ni mwizi wa maji kweli, basi lazima anaswe. Fenesi la pili la Muheza lilikuwa limepasuliwa siku hiyo, na anayejua fenesi anajua utomvu wake. Watoto wakaupaka kwenye mpini wa ndoo iliyokuwa chini ya bomba la tangi, wakajificha nyuma ya mpapai kumsubiri mwizi.

Saa kumi na mbili jioni mzee jirani alipiga hodi. Kwake maji yalikuwa yamekatika, akaomba ndoo moja. Nikamwambia achote tu baba, karibu. Akainama, akashika ndoo, ikajaa, akataka kuihamisha mkono. Mkono haukutoka. Akaleta wa pili kuusaidia wa kwanza, nao ukabaki huko huko. Nyuma ya mpapai kukazuka shangwe: "Tumemnasa! Kumbe ni babu!"

Mama mkwe alitoka na chupa ya mafuta ya kula, ndiyo dawa ya utomvu, akamkalisha mzee kwenye kigoda na kumsugua kidole kimoja kimoja huku akimpa pole. Mzee alivumilia. Akiwa pale, mikono imeng'aa kwa mafuta, sungura akajongea kwenye bakuli lake na kunywa bila haraka.

"Huyu wenu atakuwa wa kisasa," mzee alisema.

Tungeweza kupiga marufuku ngano. Mume wangu, bado na uchungu wa joho, aliliunga mkono wazo hilo. Mimi nilikataa. Nimewaambia wanangu mara ngapi wanawe mikono wakitoka bandani, hawasikii. Bibi akisema neno moja akiwa mkekani, linatimizwa kabla ya chai. Chombo chenye nguvu namna hiyo hakitupwi, kinapewa habari sahihi. Kwa hiyo afisa mifugo alipokuja na pikipiki na kiboksi chake cha barafu kuchanja kuku dhidi ya mdondo, nilimwekea kiti karibu na Bibi.

Usiku huo tukapata ngano mpya. Kulikuwa na jini aitwaye Mdondo aliyefagia mabanda yote kijijini, isipokuwa la kuku mmoja aliyekubali kutiwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Ikafuata ya mbwa aliyekwepa chanjo akapata kichaa, na ya kijana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwaka 1885 akaponyeshwa na mzee Pasteur. Bibi alilitamka Pasta, na watoto wanaamini mpaka leo kwamba alikuwa mchungaji. Mzee huyo alifariki 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwisho Bibi akaweka masharti: ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali ukachanjwe, na mbwa aliyeuma, kama anajulikana, afungiwe na kuangaliwa siku kumi. Afungiwe kwa utu, aliongeza, kwa kuwa afisa mifugo alikuwa amemwambia pia kuhusu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008: chakula, maji, kivuli, asitishwe, asiteswe.

Likizo ikaja, na mtoto wa wifi naye akaja. Wakagombania embe, akamng'ata mdogo mkono. Sikusikia kilio, nilisikia maji. Dada mtu alikuwa ameushika mkono wa mdogo wake chini ya bomba, sabuni mpaka kwenye kiwiko, saa ya ukutani ameishusha na kuiegemeza kwenye tangi. Maji ya siku mbili yaliishia pale. Mkono haukuwa umetoka hata damu.

Binamu nilimkuta chini ya mwembe, kiunoni kanga yangu imefungwa kwenye kamba ndefu. Mbele yake palikuwa na sahani ya wali na nyama zote za mchana, jagi la maji, na mkeka. Simba alikuwa amelala pembeni yake kama mwenzake wa wodi. Nikaenda kumfungua, akakataa.

"Anti, niache. Sitakiwi kutishwa."

Jioni wifi alipiga simu kuuliza mwanawe arudishwe lini. Binti yangu akaiwahi simu. "Shikamoo shangazi. Hawezi kuja sasa hivi. Anakula vizuri, anakunywa maji, haogopi mwanga. Lakini leo ndiyo kwanza siku ya kwanza."