Barua ya Wazi kwa Profesa Oak Juu ya Kijiko cha Pili

Kwa Janabu Mtukufu Profesa Oak, mkaazi wa Pallet Town, bingwa wa elimu ya vizimwi, Mola akuzidishie umri na siha.

Ama baada ya salamu nyingi na taadhima, nakuarifu kwamba sisi tuliokabidhiwa daftari tupu na kizimwi mmoja wa kuanzia, tukaambiwa tutoke tukawanase wote, tungali porini, hali zetu njema lakini nyoyo hazijatulia, kwa sababu ya jambo moja ambalo katika mchezo wa kwanza wa Pokémon, tangu ulipotoka huko Ujapani mwaka 1996, halijapata kadhi wa kulisikiliza.

Jambo lenyewe ni Kadabra. Janabu wajua kuliko sisi kwamba Abra, umkutapo nyasini karibu na mji wa Cerulean, hutoweka kabla hujatia mkono mkobani, kwa kuwa hajui hila nyingine ila kutoroka. Na ukibahatika kumnasa, humlei kwa vita vyake mwenyewe, maana hana pigo hata moja, bali humtanguliza uwanjani na kumrudisha papo hapo, mwenzake akapigana kwa niaba yake na tajiriba wakagawana, hata afike daraja la 16, ageuke Kadabra, ashike kijiko chake mkononi kwa kiburi cha aliyeshinda peke yake. Malezi hayo, nakiri, ndiyo utamu wa mchezo wote, na aliyeyaonja hamsahau Abra wake. Lakini ili Kadabra awe Alakazam, mwenye vijiko viwili, mapenzi na jasho havitoshi: sharti umtoe mikononi mwako, umpitishe wayani hadi kwenye mashine ya mtu mwingine, mwenye mchezo wake mwingine, kisha umsihi mtu huyo akurejeshee.

Asiye na mtu huyo, Janabu, afanye nini? Inasimuliwa kwamba mtungaji wa mchezo, Satoshi Tajiri, utotoni alikuwa mwindaji wa wadudu huko Machida, pembezoni mwa Tokyo, na alipouona waya wa kuunganishia mashine za Game Boy aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto hata kwa mtoto. Wazo jema, sina dosari ya kulitia. Ila wadudu wa Machida hawakuuzwa kwa matoleo mawili, Jekundu na Bluu, Ekans akawekwa humu na kunyimwa kule, Sandshrew akawekwa kule na kunyimwa humu. Huo ni upweke wa mtoto, uliofungwa kwa karatasi za rangi mbili, ukauzwa mara mbili! Uniwie radhi, Janabu, kalamu imeteleza.

Basi twaomba, kwa unyenyekevu, uteue katika kila mji Rafiki wa Umma. Awe mtu wa makamo, mwenye kanzu iliyopigwa pasi, ameketi mbele ya meza ya mbao barazani pa Pokémon Center, na mashine mbili, na matoleo yote mawili, na waya usiolegea. Awe ameapishwa mbele ya muuguzi wa zamu kwamba hatafanya hiana. Umfikiapo akukaribishe kahawa na kipande cha haluwa, wala asikuulize kwa nini huna rafiki. Amwandike Kadabra wako daftarini kwa jina na daraja, akupe stakabadhi yenye muhuri. Ampokee, amtazame akigeuka, amsifu kwa maneno machache yasiyo na husuda, kisha amrejeshe papo hapo, pasi na zile kalima tuzijuazo sote, "njoo kesho". Siku ya Ijumaa afungue baada ya sala. Na akistaafu apewe kiinua mgongo kizito, kwani atakuwa amewakuza Alakazam wa mji mzima asimiliki hata mmoja.

Mengine ni madogo. Popo wale, Zubat, wapunguzwe mapangoni. Yule bwana anayewauzia watoto Magikarp, samaki asiyefaa vitani, kwa 500 karibu na Mount Moon apelekwe mahakamani. Sanduku likijaa vizimwi 20 tuarifiwe mapema, si pale tulipokwisha kusimama mbele ya yule tuliyemtafuta.

Na tukiisha kulijaza daftari lako, Janabu, ijara yetu ni nini? Cheti! Tena cha kukifuata mjini Celadon, kwenye jumba la watu, tukakipokee kwa mkono wa mwingine. Lakini tutaraji nini kwa babu aliyetuuliza sisi, watu baki, mjukuu wake mwenyewe anaitwa nani? Astaghfirullahi. Nilikusudia kuandika kwa adabu, na kwa adabu namaliza: twangoja jawabu lako.

Nawe msomaji, ukiwa na toleo la Bluu na waya mzima, tafadhali usimngoje Profesa. Kadabra wangu yu tayari, na kahawa nitaleta mimi.