Sifa za Faili Lililofichwa

Wapo wanaodhani tovuti njema ni ile inayompa mgeni anachokitafuta bila kumzungusha. Hao hawakupata kuisakinisha Debian zamani, kabla mambo hayajaharibika.

Debian, mfumo huru wa kompyuta ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulilitunza faili lake la kusakinishia lenye manufaa zaidi kama mama mkwe anavyotunza ufunguo wa kabati la vyombo vya wageni. Sebuleni mwa tovuti yake liliwekwa faili rasmi, safi, lisilo na hata kimoja cha vile vijiprogramu vya watengenezaji wa vifaa ambavyo kadi nyingi za Wi-Fi hazifurukuti bila hivyo. Pacha wake aliyekuwa navyo aliwekwa kwenye folda iliyotangaza kwamba yaliyomo si rasmi, na ndani yake nyingine iliyotangaza kwamba si huru. Aliyefika huko ama alielekezwa, ama alipotea njia.

Hekima iliyoje! Mtu alipakua faili dogo rasmi, lile linalovuta mengine yote kutoka intaneti wakati wa kusakinisha. Katikati ya kazi, kioo kikamwarifu kwamba kadi yake inataka faili fulani, jina lake likianza na iwlwifi, kisha kikamwomba kwa adabu alilete kwenye flashi au hata diski ya floppy. Intaneti ilitakiwa ili intaneti ipatikane. Kwa mkupuo mmoja akaijua kadi yake, bei ya waya wa mtandao, na jirani mwenye kompyuta ya pili.

Sifa nyingine ni za folda ya amd64, yenye faili la mashine za biti 64. Mwenye prosesa ya Intel aliliona jina la mshindani, akakimbilia i386, akaishia na mfumo wa biti 32 kwenye mashine ya biti 64. Kumbe jina ni la haki: AMD ndiyo iliyobuni muundo huo, Intel ikafuata.

Mwaka 2022 raha ikaingia doa. Steve McIntyre, mmoja wa waandaaji wa mafaili hayo ya kusakinishia, alisema waziwazi kwamba kulificha faili lenye vijiprogramu hakufai. Wanachama wa Debian wakapiga kura, na Juni 2023 Debian 12 ikatoka na vijiprogramu hivyo ndani ya faili rasmi, peupe.

Agosti 2025 ilipotoka Debian 13, faili la kusakinishia la i386 nalo likaondolewa. Wenye Intel wamebaki kuikodolea macho amd64, hawana tena pa kukimbilia.