Heko, Mheshimiwa Chulebuni

Wengine husifu tembo, wengine husifu mlima. Huku vihambani, mibuni inakojificha chini ya migomba, anayestahili kasida hajulikani hata kwa sura. Ni kuvu, na spora yake moja ina urefu wa mikroni 15 hivi. Zikipangwa sitini na ushei, kichwa kwa mkia, ndipo inapatikana milimita moja. Wakulima wa Tanzania humwita chulebuni. Wataalamu humwita Colletotrichum kahawae, na msomaji asilipite haraka jina hilo la pili: ni kahawa yetu hii hii, imevalishwa joho la Kilatini.

Fadhila zake ndogondogo zitajwe upesi. Ni mshika wakati: masika yakitanda, naye yupo. Ana ukoo usio na ubaguzi, maana nduguze wamo kwenye maembe, ndizi, maharage, papai na pilipili. Mwaka 2012, wataalamu wa magonjwa ya mimea walipopiga kura kuchagua kuvu kumi zenye uzito kuliko zote, jenasi yake ilishika nafasi ya nane. Tena huwahurumia wachumaji. Kwenye nyanda za juu zenye baridi na mvua, shamba lisilopigwa dawa aweza kulipunguzia hadi asilimia 80 ya mzigo.

Lakini fadhila kubwa, ile ambayo ingetosha kumjengea sanamu, ni ukarimu wake kwa wasomi. Corda, mtaalamu wa kuvu aliyefanya kazi Prague, aliianzisha jenasi hii mwaka 1831. Tangu hapo, kila aliyekuta doa jeusi kwenye mmea mwingine alitoa jina jingine, kana kwamba mtu akihama mtaa lazima abatizwe upya. Kufikia mwaka 1957 majina yalikuwa kama 750. Ndipo mtaalamu mwingine wa kuvu, von Arx, alipoingia na panga, akayafyeka hadi yakabaki 11. Kumi na moja! Mamia ya wabatizaji wakalala na njaa siku hiyo.

Kulikuwa pia na kesi ya nywele. Wanajenasi hawa huotesha spora kwenye vitanda vidogo chini ya ngozi ya mmea, na baadhi ya vitanda hivyo huchomoza nywele ngumu, nyeusi. Mwenye nywele alihesabiwa Colletotrichum. Kipara aliwekwa kwenye jenasi nyingine kabisa, Gloeosporium. Baadaye ikaonekana kwamba kuvu ile ile, ikibadilishiwa chakula maabara, huweza kuota nywele au kuziacha. Ni hiari yake, kama kijana na kinyozi. Umbo la spora nalo lilitegemewa sana: nyingine zimenyooka kama punje ya mchele, nyingine zimepinda kama mundu. Na kuvu iliyobahatika kuzaa kwa kujamiiana ilipewa jina la pili, Glomerella, ikatembea na vitambulisho viwili hadi mkutano wa wanabotania wa Melbourne ulipoamua, mwaka 2011, kwamba kuvu moja iridhike na jina moja.

Njaa haikudumu. Vipimo vya DNA vilipofika, jina moja tu kati ya yale yaliyosalimika, gloeosporioides, lilipasuliwa mwaka 2012 likatoa spishi 22. Leo jenasi nzima imepita spishi 200. Mwajiri gani mwingine huongeza nafasi za kazi namna hiyo bila kudai hata kodi ya pango?

Chulebuni mwenyewe alionekana Kenya mwaka 1922. Kwa miongo mingi aliitwa coffeanum, jina ambalo Noack alikuwa amelitoa mwaka 1901 kwa kuvu ya kahawa ya Brazili. Brazili, ambako ugonjwa huu haujafika mpaka leo! Mwaka 1993 Waller na Bridge wakamtenga na kumpa jina la kahawae. Walimtambua kwa tabia za maabara: hukua polepole, ni wa kijivu, na akiwekewa sitrati au tatrati kama chakula pekee, hali.

Shambani hana uchaguzi huo. Tone la mvua likitua juu ya buni changa, spora huota, hujibandika kwa kidoti cheusi kilichokakamaa, kisha husukuma sindano kupenya ngozi ya tunda. Doa la kahawia hubonyea, hugeuka jeusi, na buni hudondoka au hukaukia tawini kama kaa la mkaa. Miezi ya kupalilia, kupogoa na kubeba samadi kichwani, halafu mtu anaokota makaa chini ya mti, na mahali fulani jopo linabishana kuhusu nywele!

Si kwamba elimu haikuzaa kitu. Kenya ilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na kituo cha Lyamungo kule Kilimanjaro kina chotara zinazomvumilia mheshimiwa. Waliomjua vizuri ndio waliozipata. Tatizo liko njiani, kati ya maabara na kihamba. Mwandishi wa makala haya, mwenye mibuni michache ya kurithi, aliwahi kununua kopo la dawa ya kopa lenye maelezo ya Kiingereza kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Akamuuliza muuzaji kipimo.

"Weka vifuniko viwili, mzee. Au vitatu, kama madoa yamezidi."

Kuvu ina jina la Kiswahili, dawa yake haina hata sentensi moja. Basi mtaalamu atakayembatiza tena mheshimiwa huyu, na hatakosekana, amalize kwanza kazi ndogo: aandike kwenye kopo, kwa lugha aliyoiazima jina, ni vifuniko vingapi kwa bomba la lita 15.