Pointi 147

Waliotunga alama za GRE, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada za juu Marekani, hawakuwafikiria watu wa Mpanda. Sehemu ya lugha na ya hesabu, kila moja inaanzia 130 na kuishia 170. Yaani hata ukibahatisha swali la kwanza mpaka la mwisho, 130 haikukimbii. Kwenye hesabu nilipata 147, alama ambayo vyuo ninavyovitaka huitazama kama mgebuka wa juzi.

Mama mdogo alipoiona namba hiyo kwenye simu yangu hakuuliza swali. "Mia moja arobaini na saba! Umefaulu mpaka mia ikaisha?" Kabla sijafungua mdomo, habari ilishavuka Makanyagio na kuingia Kawajense, na jioni jogoo alikuwa mezani pamoja na wali wa Mpimbwe. Mtu ameshachinja, unamwambia nini? Nikapewa paja, nikala.

Baba mdogo, mwalimu mstaafu, ndiye hakugusa nyama. Amezeeka kwenye divisheni, na divisheni haipendi pointi nyingi: kidato cha nne, pointi 7 ndiyo kilele, 34 na 35 ndiyo sifuri. Akanitazama kwa juu ya miwani. "Sifuri inaishia thelathini na tano. Huko ulikofika wewe kunaitwaje?"

Ndivyo suala la kurisiti lilivyofika kwenye kikao cha familia, upande mmoja ukiamini nimefaulu kupita kiasi, mwingine ukiamini nimefeli kuliko sheria inavyoruhusu. Nikaeleza kwamba unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi kumi na miwili, kwamba matokeo hudumu miaka mitano, na kwamba mwenyewe unachagua matokeo ya siku gani yaende chuoni. Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Wenzako NECTA inawaanika mtandaoni mtaa mzima usome. Wewe unachagua?"

Ada ni dola 220, zaidi ya laki tano. Mjomba, ambaye kila bei huigeuza mifugo, akakokotoa papo hapo. "Ng'ombe mzima. Na wanakukalisha muda gani?" Nikamwambia zamani ulikuwa mtihani wa karibu saa nne, ila tangu Septemba 2023 umepunguzwa hadi chini ya saa mbili.

"Na bei wamepunguza?"

Hawakupunguza.

"Unakwenda kusomea nini kwani?"

Viboko. Nilisema kwa sauti ndogo, maana Sitalike si mbali, na kiangazi viboko hujazana kwenye Mto Katuma mpaka hawana pa kugeukia. Kuwatazama hakuhitaji 147 ya mtu. Nilikuwa na maelezo mazuri kabisa kuhusu maji ya Katuma yanavyopungua kwa kuchepushwa mashambani, lakini mjomba alishaanza kucheka na wengine wakampokea.

Hesabu zenyewe, kusema kweli, ni za sekondari. Shida ni dakika. Kitabu changu cha mazoezi kinapenda treni mbili zinazotoka miji miwili zikija kukutana, eti zitakutana saa ngapi. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ni njia moja. Treni mbili zikikutana huko, hilo si swali la hesabu, ni taarifa ya habari. Ukishawaza hivyo, sekunde zako arobaini zimekwenda na hazirudi.

Kituo cha mtihani kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu kutoka hapa. Ila mtihani unaruhusiwa kufanyiwa nyumbani, msimamizi akikutazama kwa kamera: uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, masikio yako yaonekane, asiingie mtu, usiongee na yeyote. Jumamosi nikafanya jaribio kwa masharti hayo hayo.

Bibi akaja na uji. "Hodi humu." Nikanyamaza, kama kanuni zinavyotaka. Akabisha tena, akabisha tena, kisha nikasikia kikombe kinawekwa sakafuni na bibi anatoka uani akilia kwamba mjukuu wake amezimia. Fundi pikipiki wa jirani aliutoa mlango kwa bega moja. Nyuma yake waliingia mama mdogo, watoto wawili wa shule na mwanamke nisiyemfahamu aliyebeba ndoo ya maji, na maji hayo hakurudi nayo. Kompyuta ilipona kwa kuwa niliilalia.

Wapo wanaonishauri niachane na mtihani huu, kwa kuwa tangu 2020 vyuo vingi vya Marekani vimeacha kuudai. Ni kweli, ila vya kwangu bado vinaudai. Kwa hiyo narudia. Ng'ombe wa mjomba nitamlipa kidogo kidogo, na bibi siku hiyo atakuwa Inyonga kwa dada yake, nauli nimeshatenga. Bado chumba. Msomaji wa Mpanda mjini mwenye chumba cha kukodisha kwa asubuhi moja, kisicho na jogoo dirishani, naomba aseme bei yake, na kabla ya bei aniambie ukweli kuhusu bawaba za mlango.